Nani ana haki ya kumwaga pipa? Kisa cha Goose Island kikisomwa kutoka Moshi

Tarehe 28 Machi 2011, Anheuser-Busch, watengenezaji wa Budweiser, walitangaza kwamba wanainunua Goose Island, kiwanda cha bia cha Chicago, kwa dola milioni 38.8. Miaka mitatu kabla, Anheuser-Busch wenyewe walikuwa wamenunuliwa na InBev ya Ubelgiji kwa takriban dola bilioni 52, kwa hiyo bei ya Goose Island haikuwatikisa. Walioshtuka walikuwa wanywaji. Marekani ilikuwa na watu wengi waliokwisha kuziacha bia za makampuni makubwa wakahamia kwa mafundi wadogo, na kwao Goose Island ilikuwa miongoni mwa majina ya kwanza kutajwa. Siku ile swali lilikuwa moja: bia hii bado ni ya ufundi, au imekwisha kuwa Budweiser yenye lebo nyingine?

Bia ya ufundi, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ile inayopikwa na kiwanda kidogo kinachojitegemea, ambapo fundi mwenyewe ndiye anayechagua kimea, hopsi (maua yanayoitia bia uchungu), hamira na muda wa kuivisha, na ndiye anayesema bia imekuwa tayari au haijawa.

Kisa cha Chicago kinatugusa huku Kilimanjaro kuliko mtu anavyoweza kudhani. Oktoba 2016 kampuni hiyohiyo, kwa jina lake jipya la AB InBev, ilikamilisha ununuzi wa SABMiller kwa zaidi ya dola bilioni 100. SABMiller ndiyo iliyokuwa na sehemu kubwa ya TBL, kampuni ya bia ya Tanzania, mkono ulioanzia kwa Waafrika Kusini walioingia mwaka 1993 wakati serikali ilipobinafsisha. Hivyo tangu 2016, Kilimanjaro na Safari zinazonywewa Kiboriloni na Majengo zina mwenye mali mmoja na Goose Island ya Chicago. Na Arusha na Moshi tunao watu wanaotia mvinyo wa ndizi kwenye chupa, wanaokaanga kahawa yao wenyewe, wanaojaribu kuifanya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ikae zaidi ya siku mbili. Baadhi yao watafanikiwa. Akifanikiwa mmoja, mwekezaji atabisha hodi, na maswali yatakuwa yaleyale ya 2011.

Tuanze na kilichouzwa. John Hall alikuwa mkurugenzi katika kampuni ya maboksi ya karatasi kabla ya kufungua baa yenye mitambo yake ya kupikia bia katika barabara ya Clybourn, mwaka 1988. Jina alilichukua kwenye kisiwa kilichomo ndani ya Mto Chicago, hatua chache kutoka hapo. Mwanawe Greg akawa fundi mkuu. Mwaka 1995 wakaongeza kiwanda kikubwa zaidi katika mtaa wa Fulton. Katika miaka hiyo ya 1990 Greg akafanya jambo lililokuja kuigwa kote Marekani: alichukua mapipa ya mwaloni yaliyokuwa yamehifadhi wiski ya bourbon, akayajaza bia nyeusi nzito, akaiacha humo kwa miezi mingi. Bia hiyo, Bourbon County Stout, ilitoka na kilevi kikali, ambacho baadaye kilifika asilimia 14 na zaidi, na harufu ya vanila, moshi na mbao.

Mwaka 2010 kiwanda kiliuza mapipa yapata 127,000, ambayo ni karibu lita milioni 15. Nyingi kati ya hizo hazikuwa Bourbon County. Zilikuwa bia nyepesi za kila siku: Honkers Ale, India Pale Ale (IPA), na 312 Urban Wheat, bia ya ngano. Kilichokuwa kinawasumbua akina Hall ni kwamba wateja walikuwa wengi kuliko matangi. Kupanua kulihitaji mtaji, na mtaji ulikuwa mezani kwa Anheuser-Busch.

Hapa kuna jambo ambalo waliolia mwaka 2011 wengi hawakulitazama. Asilimia 42 ya Goose Island haikuwa ya akina Hall tena siku ya mauzo. Ilikuwa ya Craft Brewers Alliance, muungano wa Widmer na Redhook wa huko magharibi, na ndani ya muungano huo Anheuser-Busch ilikuwa na karibu theluthi ya hisa. Tena tangu 2006 bia za Goose Island zilikuwa zikisafiri kwenye malori ya wasambazaji wa Anheuser-Busch. Ndiyo maana kati ya dola milioni 38.8, milioni 16.3 zilikwenda kulipia sehemu ya muungano huo na milioni 22.5 zilikwenda kwa akina Hall na wenzao. Mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo kidogo kwa miaka mitano. Anayetaka kujua ni lini kiwanda kilianza kutoka mikononi mwa mwenyewe asiangalie siku ya mkutano wa waandishi wa habari tu. Aangalie siku kiwanda kiliposhindwa kupeleka bia sokoni bila ya lori la mwingine.

Basi, kilibaki cha ufundi? Chama cha watengenezaji wadogo wa Marekani, Brewers Association, kina jibu la haraka. Kwa kanuni yake, kiwanda cha ufundi kizalishe mapipa yasiyozidi milioni 6 kwa mwaka, na kampuni ya vileo isiyo ya ufundi isimiliki robo yake au zaidi. Goose Island ikatolewa nje ya hesabu papo hapo. Mwaka 2017 chama kikatoa hadi alama ya kubandika kwenye chupa, picha ya chupa iliyopinduliwa kichwa chini, ili mnywaji atambue nani anajitegemea.

Naiheshimu kanuni hiyo, maana iliwekwa na watu wanaolinda riziki yao. Lakini kama kipimo cha ufundi ina matundu. Kikomo hicho cha mapipa milioni 6 kilikuwa milioni 2 hadi mwanzoni mwa 2011, kikapandishwa wakati mwanachama mkubwa, wenye bia ya Samuel Adams, walipokuwa wanakikaribia. Mwishoni mwa 2018 sharti la kupika kwa njia za asili nalo likaondolewa. Kamba inayorefushwa kila mtu wa ndani anapoifikia inatuambia nani ni mwanachama. Haituambii kitu juu ya kilichomo ndani ya pipa, na mimi nataka kujua kilichomo ndani ya pipa.

Kwa hiyo tuziangalie bia zenyewe, na tuanze na ile iliyoumia.

312 ni msimbo wa simu wa katikati ya Chicago. Bia iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa bia ya mji ule, ikipikwa mjini, ikinywewa na watu wenye namba hiyo. Haikupita miaka miwili tangu mauzo, 312 ikawa inapikwa Baldwinsville, jimbo la New York, kwenye kiwanda kikubwa cha Anheuser-Busch, pamoja na Honkers na IPA. Ni kama mtu wa Moshi apike bia aiite 027, watu wa Kilimanjaro na Arusha waipende kwa jina hilo, kisha mwaka unaofuata iwe inatoka Mbeya na bado inaitwa 027. Katika mwaka uleule wa 2011 Anheuser-Busch waliomba kusajili kama alama za biashara misimbo ya simu ya miji mingine kadhaa ya Marekani. Hapo unaona jicho la mnunuzi lilivyotazama. Kwa John Hall na mwanawe, 312 ilikuwa anwani. Mnunuzi aliona kiolezo, kitu cha kubadilisha namba na kupeleka mji mwingine.

Wapo waliosema ladha haikubadilika. Na kwa haki, wapishi wa Baldwinsville si watu wa kubahatisha. Kampuni kubwa ya bia inajua kurudia kitu kilekile mara milioni, na huo ni ujuzi wa kweli. Maabara zao zinaweza kupima kitu ambacho kiwanda kidogo kinakisia kwa pua. Inawezekana kabisa kwamba chupa ya 312 ya Baldwinsville ilikuwa safi na sawa kuliko ile ya Fulton. Ila jambo moja lilikwisha. Fundi wa Chicago akionja akahisi ngano ya msimu huu imekuja tofauti, hawezi tena kuteremka kwenye matangi asubuhi ileile akabadilisha kitu. Amekuwa mtu wa kutuma maelekezo. Uamuzi wa siku kwa siku umehama, na umehamia mahali ambapo lengo ni kutokubadilika.

Kwa 312, Honkers na IPA, jibu langu ni kwamba hazikubaki za ufundi. Zilibaki bia nzuri za kiwandani zenye asili ya heshima.

Bourbon County ni habari nyingine, na hapa ndipo wale wenye majibu ya mkato, wa pande zote mbili, wanapokwama.

Matangi yaliyoachwa wazi na 312 pale Fulton hayakukaa bure. Yalijazwa bia za mapipa. Goose Island ikapata ghala kubwa la kuyalaza mapipa ya mwaloni, na Bourbon County, ambayo zamani mtu alipanga foleni akaikosa, ikaanza kufika miji mingi ya Marekani. Ikaendelea kupikwa Chicago. Ikaendelea kukaa ndani ya mwaloni kwa miezi minane, kumi, mwaka na zaidi, ikifuata joto la kiangazi na baridi kali ya mji ule, mbao zikivuta na kutoa. Mhasibu yeyote angeweza kukwambia kwamba bia iliyolala mwaka mzima ni fedha iliyolala mwaka mzima. Mwenye mali mpya aliiruhusu ilale. Wala hakuiruhusu kwa hasara: bia za kila siku zilizopelekwa Baldwinsville ndizo zilizoipa nafasi. Ufundi wa bia moja ulilipiwa na kuuzwa kwa ufundi wa nyingine, ndani ya kampuni ileile. Sijaona njia ya kuusema ukweli huu kwa namna inayomridhisha shabiki wa upande mmoja.

Kisha ikaja hitilafu ya 2015. Baadhi ya chupa za Bourbon County za mwaka huo zilianza kuchachuka ndani ya nyumba za watu. Maabara ikamkamata mhusika: bakteria aitwaye Lactobacillus acetotolerans, anayestahimili hata kilevi kikali na asidi. Mwanzoni mwa 2016 Goose Island ikatangaza kwamba toleo la kahawa na lile la bia nzito ya shayiri yana tatizo. Katikati ya mwaka ikaongeza na baadhi ya chupa za bia ya kawaida na za toleo maalumu. Ikawaambia wateja warudishiwe fedha. Kuanzia toleo la 2016, bia ikaanza kupashwa moto mkali kwa muda mfupi kabla ya kutiwa kwenye chupa, ili vijidudu vife.

Wapenzi wengi walichukia huko kupashwa moto. Walisema bia hai imeuawa, na kwamba hiyo ni tabia ya makampuni makubwa. Siwaungi mkono. Bia ile watu huiweka kabatini miaka mitatu au mitano, na mtu anayeuza kitu cha kuwekwa miaka mitano ana wajibu wa kuhakikisha hakigeuki siki. Ninachokitazama zaidi ni kilichotangulia: kiwanda kilisema hadharani, kwa jina la bia yake ya thamani kuliko zote, kwamba hii imeharibika, msinywe, chukueni fedha zenu. Kiwanda kidogo kisicho na mtaji kingelazimika kufumba macho na kuomba Mungu. Hiki kilikuwa na mfuko wa kubeba hasara, na uamuzi ukafanyika upande unaotakiwa.

Kipimo nilichokitumia hapa sikukitoa Chicago. Nimekitoa Kibosho, kwa shangazi yangu, ambaye amepika mbege tangu kabla sijazaliwa.

Anayejua mbege anajua ilivyo kazi. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, hukamuliwa na kuchujwa. Pembeni ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa, hupikwa uji, na gome la msesewa hutiwa ili kuleta uchungu unaozuia utamu wa ndizi usizidi, kazi ileile ambayo hopsi hufanya kwenye bia ya chupa. Vikishaunganishwa, kesho yake pombe iko tayari, na keshokutwa imeshapita. Hakuna friji inayoiokoa. Kila pipa ni uamuzi mpya, maana ndizi za masika si ndizi za kiangazi na ulezi wa sokoni hauji sawa mara mbili.

Siku moja nilimkuta amefunua pipa asubuhi. Alichota kwa kata, akanusa, akaonja, akakaa nayo mdomoni, akaitema kwenye shina la mgomba. Akachota tena kutoka chini zaidi. Kisha akaita vijana wawili wamsaidie kulipindua. Mbege yote ikaenda kwenye mifereji ya migomba, ikitoa povu jekundu-kahawia, na harufu ya siki ikatanda uani kote. Ulezi wa pipa lile aliununua kwa fedha taslimu.

“Shangazi, si ungeichanganya na ya leo?” nilimwambia. “Wateja wasingejua.”

“Wangejua, baba. Na wakijua hawakwambii. Wanahamia kwa mwenzako.”

Nikamuuliza, akija tajiri akanunua kila kitu hapa, mapipa, migomba na jina lako, wewe ukabaki unapika na kulipwa mshahara, itakuwa bado mbege yako? Alifikiri akiwa anasuuza kata.

“Kama ananiachia kumwaga, aje.”

Sijasikia kwa mtaalamu yeyote wa biashara maelezo yanayolikata tatizo la Goose Island vizuri zaidi. Umiliki una uzito, lakini uzito wake unapitia kwenye mambo machache yanayoonekana kwa macho: nani anaweza kulikataa pipa, nani anaweza kusema muda haujatosha, nani anaweza kukataa bia isihamishwe mahali pake. Mwenye hisa akimwachia fundi mambo hayo, ufundi upo hata kama hisa ziko Leuven, Ubelgiji, kwenye makao makuu ya AB InBev. Akiyachukua, umekwisha hata kama fundi ni yuleyule na jina limebaki kwenye lebo. Kwa Bourbon County, fundi aliachiwa pipa na muda. Kwa 312 alinyang'anywa mahali, na mahali pakaondoka na mengine.

Lakini kipimo cha shangazi kinapima pombe peke yake. Kuna madhara ya ununuzi ambayo hayaonjeki, na haya ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko yote.

Baada ya Goose Island, Anheuser-Busch waliendelea. Blue Point na 10 Barrel mwaka 2014. Elysian, Golden Road, Four Peaks na Breckenridge zikatangazwa 2015. Devils Backbone na Karbach 2016. Wicked Weed 2017. Sasa mfikirie mwenye baa ya Marekani aliyetenga bomba nne kwa ajili ya bia za ufundi. Anakuja mtu wa mauzo mmoja na lori moja, anamjazia bomba zote nne kwa bei nzuri: bia ya Chicago, ya Seattle, ya Oregon, ya Colorado. Mteja anakaa kaunta anaona majina manne na picha nne, anadhani amekuta soko la mafundi. Zote ni za nyumba moja. Na yule fundi mdogo wa mtaa wa pili, mwenye gari moja na mapipa yake kumi, anaambiwa bomba zimejaa.

Sisi hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo. Ingia baa yoyote kati ya Njoro na Kijenge. Ukuta umepakwa rangi za kampuni, kibao cha nje kina nembo ya kampuni, viti vya plastiki vina nembo ya kampuni, na friji limeletwa na kampuni. Mwenye baa hakulipia rangi wala friji. Malipo yake ni nafasi. Mtu wa mvinyo wa ndizi akija na kreti zake mbili atatafutiwa kona chini ya meza, bila ubaridi, na kinywaji cha moto hakina mteja. Hakuna aliyemkataza kuuza. Amekosa tu friji. Kwa sababu hiyo nasema Goose Island ilipobadilisha mkono, aliyepoteza kwanza si mnywaji wa Bourbon County, ambaye kinywaji chake kilibaki kizuri na kikaongezeka. Aliyepoteza ni jirani yake ambaye hakuuza, aliyebaki anagombea bomba na jina ambalo jana lilikuwa mwenzake na leo lina malori ya Budweiser nyuma yake. Kanuni ya robo ya hisa niliyoikosoa hapo juu, pamoja na ile chupa iliyopinduliwa, inapata maana yake hapa. Ni kinga ya soko, na kwa kazi hiyo naikubali yote.

Wapo pia walioeleza ununuzi huu kwa kumtazama mtu: John Hall yupo, kwa hiyo mambo yako salama. Ni hoja ya kawaida hata kwetu, mzee yupo, hataruhusu. Tarehe zinaivunja. Greg aliondoka mwaka uleule wa mauzo, akaenda Michigan kutengeneza sida ya tufaha. John alikaa kwenye kiti cha mkurugenzi hadi mwisho wa 2012, akafuatiwa na Andy Goeler, mtu aliyekulia ndani ya Anheuser-Busch. Na bia za kila siku zilikuwa zimeanza kuhamia kwenye viwanda vikubwa wakati John angali kitini. Uwepo wa mzee haukuzuia lolote ambalo hesabu za mnunuzi zilikuwa zimeshaliamua. Sisemi alishurutishwa, yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara na aliuza kwa sababu matangi hayakutosha. Nasema tu kwamba kama ahadi haikuandikwa, mtu hawezi kuibeba mabegani mwake peke yake.

Hoja ya mwisho ya watetezi wa mauzo ni kwamba bila mtaji kiwanda kingekufa. Inawezekana kwa baadhi. Lakini mtaji mkubwa nao hauna dhamana ya uhai. Anchor ya San Francisco, iliyoanza 1896 na ikaokolewa na Fritz Maytag mwaka 1965, ilinunuliwa na Sapporo ya Japani mwaka 2017, na Julai 2023 Sapporo ikatangaza kuifunga. Ballast Point ya San Diego ilinunuliwa na Constellation, kampuni kubwa ya vileo ya Marekani, mwaka 2015 kwa dola bilioni 1; miaka minne baadaye Constellation ikaiuza kwa kiwanda kidogo cha Illinois ambacho watu wengi hawakuwa wamekisikia. Na mwaka 2023 Anheuser-Busch wakaiuzia Tilray, kampuni iliyojijenga kwa biashara ya bangi, majina manane kwa mpigo, Blue Point, 10 Barrel, Breckenridge, Redhook na Widmer yakiwemo. Goose Island haikuwamo kwenye fungu hilo. Ilibaki, nami naona sababu ni Bourbon County, ile bia iliyoachiwa kulala.

Watu wa Moshi wa umri fulani wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2002 makampuni mawili makubwa ya bia ya Afrika Mashariki na Kusini yalimaliza vita yao kwa kubadilishana hisa. Kiwanda cha Castle kule Thika, Kenya, kikafungwa, na kiwanda cha Kibo hapa Moshi kikahamishiwa upande wa TBL. Hivyo havikuwa viwanda vya ufundi, vilikuwa mashine kubwa. Lakini hakuna mpishi wa Thika wala wa Moshi aliyeulizwa kama bia yake ni mbaya. Swali hilo halikuwa mezani.

Ndiyo maana nikiwafikiria watengenezaji wetu wadogo wa Arusha na Moshi, simwambii mtu asiuze kamwe. Arusha tunao mfano wa Banana Investments, waliokua kwa mvinyo wa ndizi bila kuhitaji jina la kigeni mbele ya chupa, na ningependa wawe wengi. Lakini mama mwenye watoto wanne chuoni na mkopo wa benki ana haki ya kuuza jasho lake kwa bei nzuri, na asitiwe aibu na mtu anayetaka tu mbege yake isibadilike ladha. Ninachomsihi ni kwamba kabla ya kujadili bei, wakae na wakili waandike mambo ambayo akina Hall waliyaacha yategemee nia njema. Nani atasaini kila pishi kabla halijatoka, na kama asiposaini, halitoki. Ni vinywaji gani havitapikwa nje ya Kilimanjaro au Arusha maadamu jina la Kilimanjaro au Arusha liko kwenye chupa. Na mnunuzi akichoka, akitaka kuuza tena au kufunga, mwenye asili na wafanyakazi wake wapewe nafasi ya kwanza ya kulinunua jina pamoja na mapishi, kwa bei itakayokadiriwa na mtu wa tatu, katika muda wa miezi sita. Mnunuzi mwenye nia ya kumwachia fundi pipa lake hatakuwa na shida ya kutia saini hapo. Akisita kwenye kipengele cha kwanza, mama atakuwa amejua, angali bado mwenye kiwanda, anachotaka kununua ni nini.